Mawe Kumi na Mbegu za Tikiti

Nilipokuwa nje nikijitazama, nani alibaki ndani?

Nimetembea na swali hili mpaka limezoea mwendo wangu. Kuna siku linanyamaza, nakula, nalala, nacheka panapochekwa. Halafu nasikia mtu anabangua kitu kwa meno mahali fulani, nyuma ya ukuta wa jirani au katika ndoto ambayo si yangu, na swali linaamka na njaa yake. Dada yangu Wanqing alitoka ndani ya mwili wake, akauacha umekaa kitini, mikono juu ya mapaja, na hakurudi. Nataka kueleza nilivyomfuata. Msiniulize ilikuwa lini. Katika mji ule kuna siku nilikuwa mdogo wake, na kuna siku nilimzidi umri hata mama yetu, na siku zote mbili zilikuwa Jumanne.

Mji wenyewe una ngazi nyingi na vioo vichache. Watu wa mbali wakisikia habari zetu hudhani ni mji wa vioo. Vya nini? Kioo ni cha mtu aliye ndani anayetaka kujua nje kukoje. Binti za mji wetu walikuwa nje tayari.

Inaanza hivi. Msichana anaruka kamba. Ana jasho, magoti yamechubuka, pumzi inampanda na kumshuka na hajui kama ana pumzi. Mama yake, ambaye anampenda, ambaye angempa figo zote mbili akiombwa, anamwambia kwa upole: "Mwanangu, kaa vizuri. Watu wanatazama." Basi msichana anatoka kidogo ili aone wanachokiona watu. Anasimama pembeni ya kamba na kujiangalia. Anaona uso wa duara kama mkate wa mvuke, na miguu ambayo mpaka jana ilikuwa ya kukimbilia tu. Anarekebisha hiki na kile. Akitaka kurudi ndani anakuta amerudi nusu. Ile nusu iliyobaki nje tunaiita Mtazamaji, na hakuna nyumba yenye binti isiyo na Mtazamaji wake, kama vile hakuna nyumba isiyo na panya.

Mwanzoni Mtazamaji husimama karibu, kiasi kwamba mkipishana kwenye ngazi unaweza kumpiga kikumbo. Kadiri binti anavyokua yeye anasogea mbali, kwa sababu kwa mbali ndipo mtu anapoonekana mzima, kisigino hadi utosi. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Wahenga hao hawakufika kwetu. Kwetu kila msichana aliliona lake, kwa pembe zote, huku anatembea na kuwaamkia majirani.

Tulikuwa na michezo. Unasimamisha karatasi ya kuandikia wima mbele ya kiuno. Kiuno kikijificha chote nyuma yake, wenzako wanapiga makofi. Unapanga sarafu kwenye bonde la mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, uone zitakaa ngapi. Wanqing hakuwa hodari wa michezo hii. Alikuwa na mabega ya mtu wa kubeba maji. Sarafu zilimdondoka zikabingirika chini ya kitanda, naye akacheka mpaka jino lake likaonekana.

Jino hilo sina budi kulieleza, maana nililitafuta baadaye kama mtu anayetafuta mlango wa kwao gizani.

Nyumbani kwetu, sikukuu za mwaka mpya zikifika, bakuli la mbegu za tikiti zilizokaangwa kwa chumvi halikauki mezani. Watu wanabangua wakiongea, wanabangua wakigombana, wanabangua wakisubiri mgeni ambaye hatakuja. Anayebangua tangu utotoni, jino lake la mbele hulika taratibu, likapata mkato mdogo ambao ukingo wa mbegu unaingia bila kuulizwa. Dada alikuwa na mkato huo. Mimi sikuupata, kwa kuwa sikujifunza kubangua. Yeye ndiye aliyenibangulia. Ka, jino linapasua, halafu ganda kwenye kiganja cha kushoto, halafu kiini kwenye kilima kidogo mbele yangu. Hakula mpaka kilima kimetosha, nami nikakisomba chote kwa mkupuo mmoja bila hata ahsante. Kila nilipojaribu mwenyewe nilitafuna mbegu nzima, ganda likanichoma ulimi, na mara nikaona kiganja chake kimekuja chini ya kidevu changu. "Tema," alisema. "Mara ngapi nikwambie, ganda haliliwi."

Sasa adabu. Katika mji wetu humtumii mwenzako picha yake kama mwanga ulivyoikuta. Kwanza unamtengeneza. Unampanulia macho kidogo, unampunguzia kidevu, unamwagia ngozi yake maziwa. Anayetengeneza sura yake mwenyewe tu kwenye picha ya watu wengi, akawaacha wenzake walivyo, huyo alihesabiwa hakufunzwa na mamaye. Nilimpenda dada yangu, kwa hiyo nililiziba lile jino katika kila picha. Naye alinipenda, kwa hiyo sina picha hata moja yenye kidevu changu. Sikuona ubaya, na hata leo siwezi kusema ni ubaya. Vidole vilivyofanya kazi hiyo vilikuwa vidole vya mapenzi. Ila sura ya mtu ikiishi na picha yake muda mrefu, huanza kuifuata. Kidogo kidogo binti za mji wakafanana na picha zao, na picha zilikuwa zinafanana zenyewe kwa zenyewe.

Asubuhi moja nilimkuta Wanqing mezani. Uji wake umepoa, umeshika ngozi juu.

"Dada, hujala."

"Nimeambiwa nimeshiba."

"Umeambiwa na nani?"

Alinionyesha kwa kidevu pembe ya chumba. Hapakuwa na mtu. Asubuhi nyingine alionyesha dirishani, nyingine ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha nyumba ya watu tusiowajua. Kisha akaacha kuonyesha. Niligusa mkono wake nikaukuta wa vuguvugu na mtulivu, kama kitu kilichoazimwa kinachosubiri kurudishwa. Watu wa Jumba la Waliotoka, wanaotunza miili iliyoachwa, walikuja kumchukua kwa heshima zote, wakavua viatu mlangoni, wakamsifu mama kwa kuzaa mtoto mzuri. Na kweli alikuwa mzuri siku ile kuliko siku zote. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mimi nikaenda kusomea vipimo vya kujua Mtazamaji wa mtu amefika mbali kiasi gani.

Mwalimu wetu aliitwa Gao, mtu mwema, mwenye shati lisilojua kukunjamana. Kipimo alikileta kutoka nchi ya mbali kikiwa ndani ya mfuko wa kitambaa: mawe kumi ya mtoni. Matano yanasema mwili unavyoonekana, yaani uzito, kiuno, mvuto na mengine ya ukoo huo. Matano yanasema mwili unavyoweza: nguvu, pumzi, afya na ndugu zao. Binti anaambiwa ayapange, kuanzia lile lenye maana zaidi kwake hadi lile ambalo angeweza kulirudisha mtoni asijute. Yakitangulia ya kuonekana, unajua Mtazamaji yuko mbali. Yakitangulia ya kuweza, mwenyewe yuko karibu na nyumbani.

"Peiwen," Mwalimu Gao aliniambia nilipoomba ruhusa ya kupanda Jumbani, "nenda na mawe. Mtu anaweza kusahau hata jina lake, lakini hasahau anachokipa uzito."

Niliamini. Si kwa sababu nilikuwa mwanafunzi mzuri. Niliamini kwa sababu nilitaka mtu yeyote, hata jiwe, aniambie dada yangu yuko umbali gani.

*

Jumba la Waliotoka liko juu ya ngazi zote. Ndani yake ni saa nne asubuhi, nayo haiendi saa tano. Mlangoni nilimkuta Shangazi Guizhen, mlinzi wa pale, mama wa makamo mwenye miwani iliyoshuka puani, amekaa na chupa ya maji ya moto miguuni. Alikuwa anafuma sweta. Niseme kweli, alikuwa anafuma mkono wa sweta. Mkono mmoja, mrefu, ulioshuka magotini ukazunguka kiti na kuingia chini ya meza.

"Kunywa maji ya moto kwanza," alisema. "Umepanda. Una picha yake?"

"Ninazo nyingi, Shangazi."

Alizitazama moja baada ya nyingine, akalamba kidole, akazirudia. Kisha akageuza shingo kuangalia ukumbini, akanirudishia.

"Huyu ni yeyote yule," alisema.

Nilitazama alikotazama. Binti walikuwa wamekaa kwenye viti vyao safu kwa safu, migongo imenyooka, na wote walikuwa na uso wa dada yangu. Sina namna nyingine ya kuusema. Macho yale mapana, kidevu kile chembamba, ngozi ile ya maziwa niliyoimwaga kwa mkono wangu. Midomo yote imefumbwa kwa tabasamu lisilofungua meno.

"Taratibu unazijua?" Shangazi Guizhen alirudi kwenye uzi wake. "Unamshika mkono wa kwako, mnatoka. Ukishika mkono wa asiye wako, unakaa kiti cha jirani yake. Hakuna kubadilisha. Wiki hii nimeshapata wawili waliokuja kuchukua na wakabaki. Ni watu wenye haraka."

"Na wao wenyewe hawawezi kusema?"

Alicheka kidogo kwa pua. "Waulize basi. Kuuliza si ujinga."

Niliingia. Nilipiga magoti mbele ya binti wa kwanza, nikaiweka mikono yangu nyuma ili isije ikashika kitu kwa bahati mbaya.

"Wewe ni Wanqing?"

"Ndiyo, mdogo wangu," akanijibu. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya kukaribisha. "Umechoka? Keti."

Moyo ulinipasuka kwa furaha, nikakaribia kuushika mkono wake. Lakini mazoea ya kupima yakanivuta, nikamgeukia wa pili.

"Na wewe je?"

"Ndiyo, mdogo wangu. Njiani hukupata shida?"

Wa tatu akasema ndiyo. Wa safu ya nyuma akasema ndiyo kabla sijamaliza kuuliza. Nilipouliza kama alinibeba mgongoni kupanda ngazi za nyumbani kwetu, kila mmoja alinibeba. Nilipouliza kama nilikuwa mzito, kila mmoja alisema sikuwa mzito hata kidogo. Nikakumbuka nilikozaliwa. Mgeni amepanda ngazi zote zile akiwa na neno moja tu mdomoni, utamnyima vipi? Utamwambia hapana usoni, mbele za watu, aaibike? Binti hawa walikuwa wametoka ndani yao na kwenda mbali kuliko macho yanavyofika, lakini adabu walikuwa wameiacha mlangoni imewashwa kama taa.

"Watoto waliolelewa vizuri," Shangazi Guizhen alisema kutoka kule mlangoni, na nadhani hakuwa anatania.

Nikafungua mfuko wa Mwalimu Gao.

Nilimpa wa kwanza mawe kumi. Nilimweleza lipi ni lipi, nikamwomba apange. Moyoni nilikuwa na hakika. Wanqing angeanza na nguvu. Alijivunia mikono yake. Alipokuwa mdogo aliwatoza wavulana wa mtaani pipi ili wamguse misuli. Binti yule aliyapanga polepole, na kila alipoweka jiwe aliinua macho kuangalia uso wangu, aone kama mgeni ameridhika. Afya likawa la kwanza. Kisha pumzi. Uzito na kiuno akaviweka mwisho kabisa, akavisukuma mbali kidogo na vingine, kama mtu anayesogeza mifupa pembeni ya sahani.

Wa pili aliyapanga hivyo hivyo. Na wa tatu. Nilizunguka ukumbi mzima na mawe yangu, na kila mahali yalilala kwa mpangilio ule ule, ambao ndio mpangilio mzuri, ndio jibu ambalo lingempendeza Mwalimu, lingempendeza mama, lingenipendeza mimi. Kwa kipimo changu, hakukuwa na hata mmoja aliyetoka. Wote walikuwa ndani, wazima, wenye afya, wanaopumua. Ningeweza kushuka nikasema hivyo na kupewa cheti.

Nilikaa sakafuni katikati ya viti.

Nililia. Na hapo, nikiwa ninalia, nikajiona.

Nilijiona kutoka ng'ambo ya ukumbi, karibu na dirisha. Mdogo mtu analia chini ya nyuso za dada yake. Kichwa kimeinama vizuri. Chozi liko shavu la kushoto, upande wangu unaopokea mwanga. Goti lingevutwa ndani kidogo, nikawaza, na goti likavutwa. Ndipo baridi ilipoanza kunipanda kutoka nyayoni. Kumbe nilikuja kumtafuta dada nikiwa nimesimama huku dirishani! Mikono iliyopanga mawe ilikuwa kule chini, imeachwa peke yake. Nani basi angemtambua? Na kwa kitu gani? Asiyekuwapo na lake halipo. Dada yangu angeweza kuwa pua na mdomo nami, akaita jina langu la utotoni, na pale kwenye sakafu pasiwe na mtu wa kuitika.

Rudi, nikajiambia.

Narudije? Njia ni ipi? Nimekwenda shule kusomea umbali na hakuna aliyenifundisha njia.

Rudi tu. Pita hapo.

Pale anapoonekana yule? Yule ni picha. Picha haina mlango.

Nitasema sasa bila kuzunguka: nilimtamani dada yangu. Sikuutamani uso wake, nilikuwa nao mbele yangu kwa hesabu ya viti. Nilitamani uzito wa kiganja chake kichwani. Nilitamani kunung'unika kwake akitafuta kiatu. Nilitamani kubebwa ngazini, sikio langu kwenye mgongo wake, nisikie moyo wake unavyodunda kwa sababu yangu. Nilikuwa nimekaa miaka na picha zake zote, na hakuna hata moja iliyokuwa na mgongo.

Halafu tumbo likanguruma.

Ilikuwa sauti ya ovyo, ndefu, isiyo na haya. Binti wa viti vya mbele walijifanya hawakuisikia, ndiyo adabu. Mimi nilishangaa, maana sikuwa nimeiona ikija. Kwa kawaida Mtazamaji ndiye aliyeniambia saa ya kula, na mara nyingi aliniambia bado. Hii hakuna aliyenitangazia. Ilitoka mahali fulani chini ya mbavu, mahali penye giza na joto, na kwa muda mfupi sana nilikuwa mahali hapo hapo.

Nilikuwa na pakiti mfukoni. Nilimnunulia yeye, mbegu za tikiti za chumvi, kama mtu anavyomnunulia mgonjwa matunda. Niliifungua. Kwanza, kwa mazoea, nilikaribisha: niliweka mbegu chache mbele ya kila aliyekuwa karibu, nao wakazipokea kwa mikono miwili, wakashukuru, wakazishika. Hakuna aliyepeleka mdomoni. Kubangua kunafungua midomo, kunaonyesha meno, kunakunja uso.

"Hawali mbele ya mgeni," alisema Shangazi Guizhen. "Usijisikie vibaya."

Basi nikala mimi. Nilitia mbegu mdomoni bila kujua niipeleke jino gani. Niliibana, ikateleza. Niliibana tena, nikaisaga yote kwa magego kama mbuzi, na chumvi ikanijaa mdomoni, na kipande cha ganda kikasimama wima na kunichoma pembeni ya ulimi. Iliuma. Macho yalinitoka machozi mengine, ya shavu lolote. Nilikohoa, nikakunja uso mzima, pua ikatiririka, na dirishani hapakuwa na mtu. Nilikuwa mdomo tu, mdomo uliojaa takataka.

Kiganja kikaja chini ya kidevu changu.

"Tema," sauti ikasema. "Mara ngapi nikwambie, ganda haliliwi."

Ilikuwa sentensi ya kwanza isiyo na adabu katika jumba lile. Shangazi Guizhen aliacha kufuma. Sikuinua macho. Niliogopa kuinua macho, kwa kuwa juu ya mkono ule kulikuwa na uso, na uso nilijua utaniambia nini: ungeniambia ndiyo, kama wengine wote. Nilikitazama kiganja. Kilikuwa cha kushoto. Kilikuwa kimekunjwa kidogo katikati, kama kinavyokunjwa na mtu ambaye amepokea maganda mengi na hataki yamwagike.

Nikatema.

Kisha nikakifunga kiganja kile kwa vidole vyangu vyote, na maganda na mate yakiwa ndani, nikashika.

Tulisubiri. Nilisubiri kiti cha jirani kinivute. Nje ya madirisha ilikuwa saa nne, kisha saa tano kasoro, na ngazi za mji zikaanza kutoa kivuli upande mwingine. Mkono niliokuwa nimeushika ulitoa jasho. Pole pole ukaanza kuwa mzito, uzito wa mkono wa mtu, wenye bega juu yake.

Aliinuka kwa shida, kama anayeamsha mguu uliokufa ganzi. Alipinda, kwa mkono wake ulio huru akaokota mbegu sakafuni, akaipeleka mdomoni. Ka. Akatema ganda. Kiini akakiweka kwenye midomo yangu, akakisukuma ndani kwa kidole gumba bila kuniuliza.

Mlangoni Shangazi Guizhen alisimama mbele yetu na kitu chake cha kupigia picha. Alikuwa ameguswa, pua yake imekuwa nyekundu.

"Simameni hapo kwenye mwanga. Nawapiga moja ya ukumbusho. Msiwe na wasiwasi, nitawatengeneza kidogo."

"Usitutengeneze, Shangazi," nilisema.

Alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake mzazi. "Kwani mimi ni mtu wa kuwafanyia watoto wa watu hivyo?" akauliza, akashusha mkono. Hakupiga. Aliketi, akavuta uzi, na sidhani kama amenisamehe mpaka leo.

Mawe nilikuwa nimeyasahau ndani, mbele ya binti wa safu ya mwisho. Nilijua Mwalimu Gao atauliza. Nilipogeuka kuyaangalia nilisikia kitu kidogo kikipasuka huko nyuma ya viti, mara moja tu, kisha kimya, na sikuona ni nani.

Tulishuka. Ngazi zilikuwa zile zile lakini zilitugeukia: juu nilikuwa mdogo wake, katikati tulikuwa wa rika moja, mahali fulani penye uchochoro wa nguo zilizoanikwa nilikuwa mama yake na nikamfunga kamba ya kiatu. Sikumtazama usoni. Kila nilipotaka kugeuka niliona kuwa nataka kuhakikisha, na kuhakikisha ndiko kulikotufikisha kule juu. Nilimsikiliza. Anavuta mguu kidogo. Ananung'unika kuhusu kiatu. Anahema kwa mdomo, hovyo, kama punda. Mbele yetu, kwenye vibaraza vya nyumba za watu, sina hakika kama Watazamaji wetu hawakuwa wamesimama wakitusubiri. Huenda walikuwepo. Huenda wapo hata sasa, na siku moja mmoja wetu atawapungia mkono na kwenda kusimama nao, na mwingine atapanda tena ngazi hizi. Hilo silijui, na hakuna jiwe la kunijibu.

Tulipofika sokoni, palipo na moshi wa mikate ya mvuke, alisimama ghafla na kunivuta mkono.

"Peiwen," alisema. "Nina njaa."

Niliogopa. Nilitazama pembe za soko, dirisha la ghorofani, ng'ambo ya barabara.

"Umeambiwa na nani?"

Alipapasa tumbo lake, kama mtu anayetafuta kitu kwenye chumba chake mwenyewe baada ya safari ndefu.

"Sikuambiwa na mtu," alisema, akanyoosha mkono kuomba pakiti ya mbegu.